Jinsi ya Kuomba na Kutunza Anwani za IP na Namba za Mfumo Huru kutoka AFRINIC

Mtoa huduma mdogo wa intaneti anayetumia anwani za IP, yaani namba zinazotambulisha vifaa kwenye intaneti, alizoazimwa na kampuni inayomuuzia huduma ya mkongo huwa haoni tatizo lolote mpaka siku anapotaka kuihama kampuni hiyo. Siku hiyo ndipo anapogundua kwamba anwani si zake, na kwamba kila mteja aliyewekewa anwani ya kudumu kwenye kamera, kwenye seva ya barua pepe au kwenye mfumo wa malipo itabidi abadilishiwe, mmoja baada ya mwingine, huku simu zikilia. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuondokana na hali hiyo kwa kuomba, kwa jina la taasisi yako mwenyewe, anwani na namba ya mfumo huru, ile inayoutambulisha mtandao wako kwa mitandao mingine, na namna ya kuzitunza baada ya kuzipata, maana kuzitunza ndiko kunakowashinda wengi.

Kwa aliye Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi au Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, msajili wa kanda ni AFRINIC, kampuni isiyo ya faida iliyosajiliwa Mauritius na yenye ofisi zake Ebène. Aliye Muscat au Dubai hahudumiwi na AFRINIC hata kama kampuni yake ina tawi Zanzibar au Mombasa, kwa kuwa nchi za Ghuba zimo katika kanda ya RIPE NCC ya Amsterdam. Wasajili wengine watatu ni ARIN kwa Marekani, Kanada na sehemu ya Karibiani, LACNIC kwa Amerika ya Kilatini na sehemu nyingine ya Karibiani, na APNIC kwa Asia na Pasifiki.

Namba hutoka wapi

Katika ngazi ya juu kabisa ipo IANA, mamlaka ya kugawa namba za intaneti duniani, ambayo kazi zake husimamiwa chini ya ICANN, shirika linaloratibu majina na namba za intaneti, na ndiyo inayogawa mafungu makubwa ya anwani kwa wasajili watano wa kanda. Wasajili hao hawakuanza pamoja. RIPE NCC ilianza mwaka 1992, APNIC mwaka 1993, ARIN mwaka 1997 na LACNIC mwaka 2002, na AFRINIC ikatambuliwa rasmi mwezi Aprili 2005. Kabla ya hapo, mitandao ya Afrika iliomba anwani zake Ulaya au Marekani, na ndiyo sababu baadhi ya vyuo na kampuni kongwe za bara hili bado zina anwani zilizogawiwa kwa utaratibu wa zamani, kabla AFRINIC haijakuwepo.

Anwani zote za IPv4, toleo la zamani la anwani za IP, ni 4,294,967,296, na sehemu kubwa yake ilikwishagawiwa zamani. Tarehe 3 Februari 2011 IANA iligawa mafungu yake matano ya mwisho, moja kwa kila msajili, na AFRINIC ikapata fungu linaloanzia 102. Tangu hapo kila kanda imekuwa ikiishi kwa akiba yake. AFRINIC iliingia awamu ya kwanza ya kubana matumizi mwaka 2017, na tarehe 13 Januari 2020 ikaingia awamu ya pili, ambayo kiwango cha juu kwa ombi moja la IPv4 ni /22, yaani anwani 1,024, na kiwango cha chini ni /24, yaani anwani 256; namba ya baada ya mkwaju ikiongezeka kwa moja, fungu hupungua kwa nusu. Hizi ndizo hesabu za kuanzia. Anayeandaa ombi la IPv4 leo akiwaza maelfu kwa maelfu ya anwani anapoteza muda wake na wa wenzake.

Jambo la kulishika tangu mwanzo ni kwamba AFRINIC haiuzi anwani. Ada unayolipa kila mwaka ni ya huduma ya kusajiliwa, na unachopata ni haki ya kutumia namba fulani kwa mujibu wa mkataba na sera, pamoja na hakika kwamba daftari linaonyesha namba hizo ziko mikononi mwako na si mikononi mwa mtu mwingine. Ukilielewa hilo, maswali utakayoulizwa hayatakuudhi, kwa sababu mtunza daftari haulizi kama una fedha, anauliza kama una haja.

Amua kwanza unaomba nini

Kuna njia mbili. Taasisi itakayowagawia wateja wake anwani, kama mtoa huduma wa intaneti au kampuni inayokodisha seva, huomba kama msajili wa ndani, na fungu inalopewa ni la kugawa. Taasisi itakayotumia anwani kwenye mtandao wake yenyewe tu, kama benki, chuo kikuu, hospitali au wizara, huomba kama mtumiaji wa mwisho, na hairuhusiwi kuwagawia wengine. Usichague njia kwa kuangalia ada iliyo nafuu. Chuo kinachoomba kama mtumiaji wa mwisho kisha kikaanza kuuza intaneti kwa hosteli za watu binafsi kitakuwa kimekiuka masharti ya mgao wake.

Namba ya mfumo huru, ile ambayo mafundi wengi huiita ASN, huombwa pamoja na anwani au peke yake. Ruta yako huitumia kujitambulisha kwa mitandao mingine kupitia itifaki ya BGP, ambayo mitandao huitumia kuambiana njia za kufikia anwani. Utaistahili ukiwa umeunganishwa, au utakuwa umeunganishwa karibuni, na watoa huduma wawili au zaidi, au ukiwa na sera ya kupitisha trafiki iliyo tofauti na ya anayekuhudumia. Ikiwa una njia moja tu ya kutokea na huna mpango wa pili, subiri. Anayetaka kujiunga na kituo cha kubadilishana trafiki, kama KIXP cha Nairobi au TIX cha Dar es Salaam, kwa kawaida tayari ana hoja ya kutosha, kwa kuwa atakuwa na jirani mwingine mbali na mtoa huduma wake.

Kuhusu IPv6, toleo jipya lenye anwani nyingi mno, iombe katika ombi hilohilo. Kiwango cha chini kwa msajili wa ndani ni /32, ambayo ndani yake mna mafungu 65,536 ya /48, na kwa mtumiaji wa mwisho ni /48. Nimewasikia watu wakisema wataiomba baadaye wateja wakiihitaji. Mteja hatapiga simu kuomba IPv6. Atapiga kulalamika kwamba mchezo wake wa mtandaoni unakatika au kwamba tovuti fulani inamtilia shaka kila mara, na chanzo mara nyingi ni kwamba anwani yake ya IPv4 anaitumia pamoja na watu wengine kadhaa.

Usichanganye haya na majina ya vikoa. Jina linaloishia na .ke au .tz husajiliwa kwa mamlaka nyingine kabisa, na kuwa nalo hakukupi anwani hata moja.

Mpango wa anwani ndio ombi lenyewe

Vyeti vinavyotakiwa ni vya kawaida: cheti cha usajili wa kampuni, ambacho Tanzania Bara hutolewa na BRELA, na kwa mtoa huduma, leseni ya mdhibiti wa mawasiliano wa nchi yake. Hakikisha jina lililo kwenye cheti, kwenye leseni na kwenye fomu ni lilelile mpaka herufi ya mwisho. Kampuni iliyosajiliwa kwa jina moja na kufanya biashara kwa jina lingine itarudishiwa maswali, na kila swali ni siku kadhaa za kusubiri.

Kazi hasa ni mpango wa anwani. Huu ni jedwali linaloonyesha kila kipande cha fungu unaloomba kitatumika wapi, kwa kifaa gani, na lini. Tuchukue mfano wa mtoa huduma wa kubuni aliye Mbeya, mwenye minara ya redio inayofika Tukuyu na Tunduma, na mwenye wateja wa majumbani 6,000 na wa biashara 180. Akiandika tu kwamba ana wateja 6,180 na kwa hiyo anahitaji anwani 6,180, ombi lake halitafika popote. Akiandika kwa namna ifuatayo ataeleweka.

Wateja 180 wa biashara wanaohitaji anwani ya kudumu watakaa kwenye /24 moja yenye anwani 256. Wateja wa majumbani hawatapewa anwani moja moja. Watapitishwa kwenye mtambo wa NAT, ambako anwani moja ya umma hugawiwa wateja kadhaa kwa kugawanya namba zake za milango (port), zinazotenganisha mawasiliano yanayopita kwenye anwani moja. Anwani moja ina milango 65,536, na ukiacha ile 1,024 ya mwanzo inabaki 64,512. Ukimpa kila mteja milango 1,008, anwani moja inahudumia wateja 64, na /25 yenye anwani 128 inahudumia wateja 8,192, kiasi kinachowatosha wateja 6,000 na nafasi ya kukua. Ruta, viungo vya minara na viungo vya kwenda kwa watoa huduma wa juu vitachukua /26 yenye anwani 64, na seva za DNS (zinazotafsiri majina kuwa anwani), barua pepe na ufuatiliaji wa mtandao /26 nyingine. Jumla yake ni anwani 512, yaani /23 kamili. Kwa hiyo mtu huyu anastahili kuomba /23, na akitaka /22 ni lazima aonyeshe /23 ya pili itakwenda wapi, akiambatanisha ankara za vifaa alivyonunua au mikataba ya maeneo anayoyafungua.

Muda nao unahesabika. Sera ya AFRINIC katika kipindi hiki cha uhaba inatazama mahitaji ya miezi 8 ijayo, si ya miaka mitano, hivyo mji unaotarajia kuufikia mwaka kesho kutwa haumo katika hesabu hii. Mwombaji anayerudi kwa mara nyingine atatakiwa kuonyesha kwamba ametumia asilimia 90 ya alichopewa. Hakuna ukomo wa idadi ya mara za kurudi, na hilo linafanya ombi dogo la kweli liwe bora kuliko ombi kubwa la kubahatisha.

Anayepitia ombi atakuuliza maswali. Atataka mchoro wa mtandao, modeli za vifaa, pengine risiti. Jibu swali lililoulizwa, kwa tiketi ileile, na usibadilishe takwimu kati ya jibu moja na jingine bila kueleza kwa nini. Nimeona ombi lililokuwa zuri likakwama kwa sababu mchoro ulionyesha minara minne na jedwali likaonyesha sita. Mhandisi alikuwa ameongeza miwili katikati ya safari na hakumwambia mtu.

Baada ya kukubaliwa

Ombi likipita utatumiwa ankara na mkataba wa huduma ya usajili. Mkataba usomwe na mwanasheria wa kampuni, si fundi, kwa kuwa unafuata sheria za Mauritius na unaeleza ni katika hali gani namba zinaweza kurejeshwa kwa msajili. Ada ni ya dola za Marekani, na kwa taasisi ya serikali kupata kibali cha kulipa nje kunaweza kuchukua muda mrefu kuliko ombi lenyewe, kwa hiyo mweleze mhasibu mapema.

Siku anwani zinapoingia kwa jina lako usiharakishe kuzitangaza, yaani kuiambia mitandao mingine kupitia BGP kwamba zinapatikana kwako. Kwanza ingia kwenye hifadhidata ya WHOIS, daftari la hadharani linaloonyesha nani amesajiliwa namba zipi, na uhakikishe kwamba jina la taasisi, nchi, na watu wa kuwasiliana nao ni sahihi, pamoja na anwani ya kupokea malalamiko ya barua taka na uvamizi. Kama ni msajili wa ndani, sajili pia vipande unavyowagawia wateja wako, kwa sababu utakaporudi kuomba zaidi, hivyo ndivyo vitakavyohesabiwa kuwa vimetumika. Kipande kinachofanya kazi kwenye ruta lakini hakimo kwenye hifadhidata, kwa mpitiaji wa ombi ni kipande kitupu.

Pili, tengeneza ROA. Hii ni hati ya kidijitali inayosema kwamba fungu fulani linaruhusiwa kutangazwa na namba fulani ya mfumo huru, nayo husainiwa kupitia mfumo wa RPKI wa msajili wako. Umuhimu wake ulionekana tarehe 24 Februari 2008, kabla mfumo huu haujaanza kutumika, pale kampuni ya simu ya Pakistan ilipojaribu kuifunga YouTube ndani ya nchi yake kwa kutangaza 208.65.153.0/24. Tangazo hilo lilivuja, na kwa kuwa YouTube yenyewe ilikuwa ikitangaza /22, na ruta daima hupendelea fungu dogo kuliko kubwa, trafiki ya YouTube kutoka sehemu kubwa ya dunia ikaelekea Pakistan kwa takribani saa mbili.

Hapa ndipo wengi hujikwaa. ROA ina sehemu ya kutaja urefu wa juu wa fungu linaloruhusiwa kutangazwa. Ukiwa na /22, ukaandika ROA ya /22 na kuacha urefu wa juu ukiwa 22, kisha ruta yako ikatangaza /24 nne ili kugawa mzigo kati ya mkongo wa kwanza na wa pili, basi matangazo yako manne yote yatahesabiwa kuwa batili, na mitandao inayochuja kwa RPKI itayatupa. Intaneti haitazimika yote. Itazimika kwa baadhi ya mahali, jambo ambalo ni gumu zaidi kulitafutia chanzo. Kosa la upande wa pili ni kuandika urefu wa juu 24 kwa fungu lote wakati unatangaza /22 tu, kwa kuwa hapo umemwachia tapeli nafasi ya kutangaza /24 akijifanya ni wewe, na hati yako mwenyewe ikamtetea. Andika ROA kwa kila fungu unalolitangaza hasa, si zaidi, na uibadilishe kabla ya kubadilisha ruta, si baada yake. Fungu dogo kuliko /24 usilitangaze kabisa, maana mitandao mingi duniani haitalipokea.

Tatu, panga DNS ya kinyume, ile inayotafsiri anwani kuwa jina. Bila hiyo, seva nyingi za barua pepe zitazikataa barua za wateja wako. Na usishangae ikiwa kwa wiki kadhaa za mwanzo wateja wa Mbeya wanaonekana kwenye tovuti fulani kuwa wako Mauritius. Kampuni zinazokadiria mahali watumiaji walipo zina kumbukumbu zao zenyewe, na utalazimika kuziandikia moja moja.

Kama unatumia NAT, weka kumbukumbu za nani alitumia anwani gani, mlango gani, saa ngapi. Barua ya polisi au ya mdhibiti ikija ikiuliza mtumiaji wa anwani fulani, bila namba ya mlango utakuwa na majina 64 mkononi.

Kulitunza daftari

Miaka kadhaa iliyopita niliitwa na chuo kimoja ambacho mtandao wake ulikuwa ukipoteza njia za kutokea nje. Anwani na namba ya mfumo huru ziliombwa na mhandisi mmoja hodari, ambaye aliweka barua pepe yake binafsi kama mawasiliano pekee, kisha akaondoka kwenda kufanya kazi nje ya nchi. Ankara ziliendelea kutumwa, kwake. Maonyo yakatumwa, kwake. Chuo hakikujua kwamba kuna deni mpaka huduma zilipoanza kusitishwa, na kurejesha nafasi ya kuingia kwenye akaunti kulihitaji barua yenye mhuri wa mkuu wa chuo, cheti kilichoanzisha chuo, na subira ya wiki nyingi. Kosa halikuwa la mhandisi peke yake. Hakuna aliyewahi kumuuliza amesajili wapi na kwa jina la nani.

Kwa hiyo weka anwani ya barua pepe ya cheo, inayopokelewa na watu watatu, mmoja wao akiwa wa uhasibu. Nywila za kuhariri hifadhidata zikae mahali rasmi pa taasisi. Kila mwaka, ada inapolipwa, mtu afungue rekodi zote na kuzisoma. Mwaka 2019 ilibainika kwamba mamilioni ya anwani za Afrika zilikuwa zimehamishiwa kwa watu wasiostahili kwa kuchezewa kumbukumbu za usajili, na waathirika wakubwa walikuwa kampuni zilizokufa, zilizobadilisha majina, au zilizosahau kwamba zina anwani.

Kampuni ikibadilisha jina au ikiunganishwa na nyingine, mjulishe msajili kwa hati za mabadiliko hayo, usisubiri mpaka uhitaji huduma. Ukitaka kumhamishia mwingine fungu la IPv4 usilolihitaji, sera ya AFRINIC inaruhusu ndani ya kanda yake, na anayepokea atatakiwa kuthibitisha haja yake kama mwombaji mwingine yeyote. Mnunuzi kutoka nje ya kanda anayekupa bei nzuri kwa simu hana njia ya kupitisha jambo hilo kwenye daftari, na kumwachia atumie kwa kukodi kutakuingiza katika mzozo na mkataba uliosaini.

Sera zenyewe hutungwa na jamii ya watumiaji kwa maridhiano. Yeyote anaweza kupendekeza sera, hata asiye mwanachama, lakini wajumbe wa bodi huchaguliwa na wanachama. Haki hiyo imekuwa na uzito mkubwa miaka ya karibuni. Kuanzia mwaka 2021 AFRINIC iliingia katika mfululizo wa kesi mahakamani Mauritius, ikakaa bila bodi yenye akidi, na mwaka 2023 ikawekwa chini ya msimamizi (receiver) aliyeteuliwa na mahakama ili aisimamie na kuitisha uchaguzi. Uchaguzi wa Juni 2025 ulifutwa kutokana na mgogoro juu ya hati za uwakilishi, zile zinazompa mtu mwingine mamlaka ya kupiga kura kwa niaba ya mwanachama, na bodi mpya ikapatikana Septemba mwaka huohuo. Kabla ya kila uchaguzi, basi, tazama kwenye akaunti yako ni nani aliyeandikwa kuwa mpiga kura, na kama taasisi yako haijasaini hati ya uwakilishi, iandikie AFRINIC mapema, kwa barua ya mkurugenzi, kwamba hakuna aliyepewa.